Jembe la Siku ya Tatu

Kila Desemba inapokaribia, Watanzania huwatania Wachaga wa Kilimanjaro kwamba wanakwenda kwao kuhesabiwa. Kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam, hufurika, magari madogo huongozana kupita Chalinze, Segera, Korogwe, Same hadi Himo, na treni ya abiria, iliyorejea kwenye reli ya Moshi mwaka 2019 baada ya kimya cha miaka mingi, nayo hubeba watu wake. Utani huo unakumbusha Injili ya Luka, sura ya pili, Yusufu anapopanda kwenda Bethlehemu kwa amri ya Kaisari Augusto ili aandikishwe katika mji wa ukoo wake. Lakini kisa hicho kina nusu ya pili ambayo utani hauigusi. Mtu yule alifika kwao kabisa, mji wa mababu zake, na nyumba ya wageni ikawa haina nafasi.

Nusu hiyo ya pili ndiyo inayonishughulisha, nami naiona zaidi Januari kuliko Desemba. Desemba mtu wa mjini hupokelewa. Kibosho, Machame, Marangu, Rombo, kote huko pombe ya mbege imeiva, mbuzi amefungwa nyuma ya nyumba, mtori uko jikoni, na nyumba zilizokaa na kufuli karibu mwaka mzima zimefunguliwa madirisha. Kila mmoja amejiandaa kwa siku hizo na kila mmoja anajua zitakwisha lini. Halafu mwaka mpya unaingia na mkondo unageuka. Mama mdogo anateremka Dar es Salaam kwa sababu ana miadi katika hospitali ya Muhimbili. Kijana aliyemaliza chuo anakuja kutafuta kazi. Binti anapitia mjini akielekea shule ya bweni. Shangazi anakuja kusalimia tu, hana jambo jingine. Wote wanafikia kwako, maana wiki chache nyuma ulikuwa kwao, ukala kwao, na wakati wa kuagana ukasema mbele ya watu: karibuni na nyie mjini.

Nashikilia kwamba ukarimu unaanza pale sherehe inapoishia. Sherehe ina tarehe. Imewekewa akiba, ina nguo zake na vyakula vyake, na furaha yake inamrudia hata anayetoa. Mgeni wa Januari anakuja bila tarehe ya kuondoka na mara nyingi anakuja na shida. Anaikuta nyumba ambayo imeshatoa ada na sare za shule, ambayo mwenye nyumba wake anadai kodi ya miezi sita mbele, na ambayo fedha ya Krismasi imebaki kwenye picha za simu. Anayempokea mtu katika hali hiyo hatumii ziada aliyonayo. Anagawa upungufu wake. Ndiyo maana siwezi kuuita ukarimu ule wa Desemba kwa uzito uleule, japo naupenda na ninausubiri kila mwaka.

Wengi wakiulizwa ugumu wa kupokea ndugu mjini uko wapi watataja fedha. Watasema kule mlimani ndizi ziko kwenye kihamba, shamba la ukoo, na maziwa yako zizini, ilhali hapa hata maji ya kuoga yana ankara na taa inawaka kwa kadiri ya LUKU uliyonunua. Kuna ukweli hapo, lakini haufiki mbali. Chakula cha kihamba nacho kina gharama, ila haionekani kwa mgeni kwa sababu inalipwa kwa migongo ya wanawake: majani ya ng'ombe yanayobebwa kichwani kutoka mashamba ya chini, samadi inayosombwa hadi kwenye migomba, kuni, maji. Hakuna ukarimu uliowahi kuwa wa bure. Tofauti ya mlimani na mjini naiona mahali pengine, na methali moja ya zamani inaitaja kwa jina.

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hii katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962, alipokuwa akieleza kwamba katika jamii zetu za zamani kila mtu alikuwa mfanyakazi. Akaongeza jambo ambalo wanaoirudia methali huliacha: kwamba pengine mgeni mwenyewe angeliomba jembe kabla mwenyeji hajampa. Waislamu nao wana hadithi ya Mtume, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba ugeni ni siku tatu na kinachozidi hapo ni sadaka. Tena mgeni anaonywa asikae hadi akamtia mwenyeji wake dhiki. Mapokeo haya mawili yanakutana kwenye siku ya tatu, ila hayasemi jambo moja. Hadithi inapima wajibu wa mwenyeji, wapi unaanza na wapi unaishia. Methali inazungumzia kinachompata mgeni baada ya hapo, nayo haimfukuzi. Inamwingiza shambani.

Tumezoea kulisikia jembe hilo kama kidokezo cha kumwambia mtu aondoke. Mimi nalisikia kama heshima. Anayelimiwa, anayepikiwa, anayefuliwa, na asiyeruhusiwa kushika chochote, amewekwa mahali ambapo hawezi kudaiwa wala kudai. Kila siku inayopita inamwongezea deni na kumwondolea njia ya kulilipa. Hadhi ya mtu mzima imo katika uwezo wa kuambiwa asante kwa jambo alilolifanya. Mgeni akipewa jembe anarudishiwa uwezo huo. Jioni anakula alichokichuma, hata kama ni tuta moja, na kuanzia hapo anazungumza na wenyeji wake kwa sauti ya kawaida.

Sasa tazama nyumba ya mjini. Wenyeji wanaamka saa kumi na moja alfajiri ili wawahi usafiri, watoto wanachukuliwa na gari la shule, na mama mdogo anaachwa sebuleni na rimoti. Akishika ufagio anaambiwa, hapana mama, wewe pumzika, umechoka na safari. Akitaka kuosha vyombo anaambiwa dada wa kazi yupo. Kijana aliyekuja kutafuta kazi anajua kufyatua tofali, kukamua ng'ombe na kupogoa mibuni, na katika nyumba hiyo ya vyumba viwili na sebule hakuna hata kimoja cha kufanya. Anajifunza kukaa. Siku ya tano anaanza kutoka asubuhi na kurudi usiku, na wenyeji wanasema amekuwa mzururaji, kumbe anakwepa aibu ya kukutwa ameketi mahali palepale walipomwacha. Hapo ndipo ninapouona ugumu wa kukaribisha mjini. Wali wa kuongeza sahani moja unapatikana. Jembe halipatikani, kwa sababu kazi zetu za mjini ziko nje ya nyumba, chini ya mwajiri, na mgeni hawezi kutusaidia.

Kwa hiyo jembe la mjini linahitaji kutafutwa kwa makusudi, na kulitafuta ni sehemu ya kukaribisha kama kutandika kitanda. Bibi anaweza kupewa jiko siku nzima ya Jumamosi, apike ng'ande watoto waone mahindi na maharage yanavyopikwa kwao. Mjomba anaweza kuachiwa mlango uliopinda tangu mwaka jana, na akabidhiwe kabisa, asisimamiwe. Kijana anaweza kumsindikiza mtoto shule na kumsomesha hesabu jioni, kwa kuwa amesoma kuliko wengi wetu. Haya ni mambo madogo, lakini nimeona uso wa mtu ukibadilika kwa kuambiwa tu: hili tunakutegemea wewe.

Naogopa jinsi maneno haya yanavyoweza kutumiwa, maana tunayo historia ya jembe lililogeuzwa. Wapo mabinti wengi walioletwa mjini Januari kwa jina la kutembelea ndugu, au kwa ahadi ya shule, na hadi Pasaka walikuwa wanaamka wa kwanza na kulala wa mwisho katika nyumba ya baba mdogo. Hawalipwi mshahara kwa kuwa ni ndugu. Hawakai mezani kwa kuwa wanahudumia. Na shule inasubiri mwaka ujao. Wenye nyumba hizo wakiulizwa husema wamempa mtoto malezi. Methali imegeuzwa kuwa kifuniko cha dhuluma, na inafaa kusema wazi ni wapi imevunjwa. Jembe la methali linatolewa kwa mtu ambaye tayari amekuwa mgeni siku mbili, aliyeketishwa, akanawishwa mikono, akaulizwa habari. Linalima shamba ambalo yeye mwenyewe atakula. Na anaweza kuliweka chini akaenda zake. Binti aliyeanza kazi usiku aliofika, anayetunza nyumba ambayo hana fungu ndani yake, na asiye na nauli ya kurudi, huyo hajawahi kukaribishwa hata siku moja.

Hapo linazuka swali jingine, la nani hasa anayekaribisha. Baba anasema karibuni kule mlimani, katikati ya ndugu zake, na neno lake linampa sifa. Anayelitimiza Januari ni mke wake, au msichana wa kazi, anayeongeza kibaba kwenye sufuria na ndoo kwenye kufua na kulala saa sita usiku. Sioni ukarimu katika kutoa kwa mikono ya mtu ambaye hukumuuliza. Anayetaka sifa ya kukaribisha aamke na wageni wake, apike chai, atandue godoro la sebuleni, au basi akubali kwamba aliyekaribisha ni mwingine na sifa ziende huko. Katika hili desturi yetu ina deni kubwa, mlimani na mjini.

Nirudi kwa mgeni mwenyewe, kwa sababu yeye haji mikono mitupu. Kwenye buti la basi kuna mkungu wa ndizi, maparachichi, gunia dogo la maharage, pengine chupa ya maziwa iliyofungwa kwa majani ya mgomba. Ndizi hizo zikifika kwenye joto la Dar es Salaam hazikai; zinatakiwa kupikwa haraka au kugawiwa majirani. Nimesikia watu wakilalamikia mzigo huo, kwamba ungenunuliwa hapahapa sokoni kwa bei ndogo kuliko usumbufu wa kuubeba. Hesabu hiyo inakosa maana ya mzigo. Aliyeubeba ametangaza mlangoni kwamba ametoka mahali panapozaa, kwamba ana kwake, na kwamba amekuja kwa hiari chini ya paa la mtu mwingine. Kuupokea kwa mikono miwili, kuupika usiku huohuo na kumpelekea jirani huku ukimtaja aliyeuleta, ni kukubali kwamba mmekutana mkiwa sawa. Mzigo ulioozea uani unamwambia mgeni kinyume chake, na anasikia.

Je, ndugu ana haki ya kupokewa, au anaomba hisani? Immanuel Kant, katika andiko lake kuhusu amani ya kudumu la mwaka 1795, alitenganisha haki ya kuzuru, ambayo kila binadamu anayo kwa kuwa dunia ni ya wote, na haki ya kukaa kama mgeni wa nyumba, ambayo kwake inahitaji mapatano maalumu. Mpangilio huo unamfaa msafiri wa mbali. Ndugu haingii humo, kwa kuwa mapatano yake yalifanyika kabla ya safari na pengine kabla hajazaliwa. Mama mdogo huyu ndiye aliyekulaza kwake ulipokuwa unasoma sekondari ya karibu na kwake. Makaburi ya babu na bibi yapo kihambani anakopalilia yeye. Hawezi kusema nina haki, wala wewe huwezi kusema nimekufadhili. Mkianza kusemezana hivyo, jambo lenyewe limeshakufa. Naliona kama zamu. Desemba ilikuwa zamu yake.

Lakini zamu inahitaji watu waambizane ukweli, na hapa ndipo tunaposhindwa kwa sababu ya adabu. Kumuuliza mgeni ataondoka lini ni utovu wa heshima unaojulikana na kila mtoto. Jacques Derrida, katika mihadhara yake ya mwaka 1996 kuhusu ukarimu, aliuliza kama kupokea kunaanza kwa kumhoji anayekuja au kwa kumfungulia bila swali lolote, na moyo wake ulivutwa na mlango usiouliza. Namwelewa, alikuwa akifikiria wageni wanaosimama mbele ya maafisa wa mpakani. Kwa mama mdogo mambo ni tofauti. Nyumba isiyomuuliza chochote inamwachia abebe peke yake swali ambalo kila mtu analo kichwani, na kimya hicho kinaongezeka uzito kila asubuhi hadi siku mtu anapolitamka kwa hasira.

Mimi nipo upande wa kuuliza, na kuuliza mapema. Kwanza maji ya kuoga, kwanza chakula, kisha usiku uleule wa kwanza, mkiwa mmeketi, mwenyeji amuulize kilichomleta na anadhani kitachukua muda gani, ili wapange pamoja. Wapo watakaosema hilo ni la kizungu. Nakumbuka wazee wakiwauliza wageni habari za huko kwa saa nzima, moja baada ya nyingine, mpaka safari yote ikajulikana sababu yake. Maswali hayo tuliyaacha sisi tulipoanza kuwasha televisheni. Mama mdogo akijibu kwamba hajui, kwamba ni mpaka majibu ya vipimo yatoke na daktari aamue, basi nyumba imepata kitu cha kufanyia kazi. Watoto wawili watalala chumba kimoja ili yeye apate kitanda badala ya godoro la sebuleni, mtu atajitaja wa kwenda naye Muhimbili Jumanne, na kesho asubuhi ataulizwa kama anapendelea kupika mchana au jioni.