Nondo Asiyekula

Mvua za kwanza zikishanyesha katika misitu ya miti ya mopane ya Botswana, Zimbabwe na kaskazini mwa Afrika Kusini, aghalabu Novemba na Desemba, nondo wakubwa wenye madoa kama macho mabawani huchomoza ardhini. Kiangazi chote walikuwa udongoni, wakiwa pupa. Mvua zikikubali, kizazi cha pili huruka kati ya Februari na Machi.

Wahubiri hupenda mdudu wa namna hii wanapoeleza ufufuo: kiwavi hufa, huzikwa, kisha hufufuka na mabawa. Mfano unavutia, lakini haumhusu mdudu mwenyewe.

Pupa hajafa. Anapumua, huku sehemu kubwa ya mwili wake ikivunjwavunjwa na kujengwa upya. Mholanzi Jan Swammerdam, mtafiti mcha Mungu, alilipinga wazo la kifo hicho katika kitabu alichochapisha mwaka 1669. Ndani ya kiwavi aliyekaribia kugeuka alikuta viungo vya mdudu mwenye mabawa vimekwisha kuumbika. Mnamo 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walieleza jinsi walivyowafunza viwavi wa nondo wa jamii nyingine kuiogopa harufu fulani kwa kuwapiga shoti ndogo ya umeme. Waliofunzwa katika hatua ya mwisho ya ukiwavi waliikwepa harufu hiyo hata walipokuwa nondo.

Ufufuo unaohubiriwa kanisani na kufundishwa madrasani ni jambo jingine: Mungu kumrudishia uhai aliyekufa kweli. Nondo halithibitishi hilo wala halikanushi.

Yeye anauliza swali gumu zaidi, yaani maisha yenyewe ni yapi. Nondo wa mopane hali kitu, kwa kuwa mdomo wake umedumaa. Siku zake chache za kuruka, dume akifuata harufu ya jike gizani na jike akitaga mayai, zinaendeshwa na akiba ya majani aliyotafuna akiwa kiwavi. Basi anayesema kutambaa kulikuwa maandalizi tu, na kuruka ndiyo maisha, amedharau kazi iliyoubeba uhai wote wa mdudu huyu. Ndivyo wanavyokosea pia waumini wanaoipuuza dunia, na njaa ya jirani humo, kwa sababu wanaingoja Akhera.

Botswana imeweka kwenye sarafu yake ya pula 5 picha ya kiwavi huyu wa mopane, si ya nondo. Vijijini viwavi hao hukamuliwa matumbo, huchemshwa kwa chumvi na kuanikwa juani, wakawa kitoweo na pesa ya matumizi ya nyumbani. Aliyeishia chunguni hakuruka kamwe, lakini ni vigumu kumwambia mama aliyemlisha mwanawe kwamba uhai huo haukutimia. Mama huyo huyo anahitaji wengine wasiokamatwa, washuke udongoni, la sivyo mvua za Novemba zitamkuta hana nondo wa kutaga.