Chungu, Hudhud na simu ya upepo

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, naanza kwa kukiri kosa langu. Masika mmoja hapa Tabora, baada ya swala ya Alasiri, kijana alinionyesha ujumbe katika simu yake: basi limesombwa na maji, hakuna aliyepona. Nikajaribu kupiga simu huko, mtandao haukupatikana. Nikashika kipaza sauti cha msikiti nikatangaza. Mama mmoja wa mtaani, ambaye mwanawe alikuwa safarini katika basi hilo, alianguka palepale. Majamvi ya msiba yakatandikwa. Kesho yake mchana yule kijana akaingia nyumbani na begi lake begani. Basi lilikuwa limekwama tu ng'ambo ya korongo.

Mama yule amenisamehe. Lakini kila nikisomesha Suratul Hujurat aya ya 6, inayotuamrisha kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, sauti hunikwama.

Nikajiuliza: mtandao ukikatika, tuhakikishe kwa kitu gani? Jibu ni la zamani: simu ya upepo. Duniani wapo watu wanaoendesha redio kwa ridhaa, bila malipo. Kwa betri ya gari na waya uliotundikwa juu ya mti, mawimbi yake mafupi hupanda angani na kurudi ardhini mamia ya kilomita mbali, bila mnara wowote. Tsunami ilipopiga Desemba 26, 2004, Bi. Bharathi Prasad na wenzake kutoka India bara walikuwa Port Blair, visiwani Andaman, na redio zao. Mawasiliano mengine yalipokatika, wao walipeleka habari za walio hai kwa jamaa zao.

Ubora wa watu hawa ni nidhamu. Mmoja husema, wengine husikiliza. Huandikwa saa, mahali, idadi ya majeruhi na kinachohitajika, kisha mpokeaji husoma tena ili mtumaji athibitishe. Waliosoma elimu ya hadithi wataitambua adabu hii: nani kasema, na je, ameona mwenyewe au amesikia?

Tazama Suratun Naml. Chungu aliwaonya wenzake waingie majumbani kabla ya jeshi kuwakanyaga. Hudhud alimletea Nabii Sulayman (a.s.) habari ya yakini kutoka Sabaa, na bado Nabii akasema ataichunguza. Kuonya mapema na kuhakikisha, yote mawili yamo katika sura moja.

Wazee wa Unyanyembe nao walijua thamani ya ishara. Katika njia ya Ujiji hadi Bagamoyo, iliyopitisha pembe na, kwa masikitiko, watumwa, ngoma na baragumu ndizo zilizoshika msafara usipotee. Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 ikarithi safari hiyo. Juni 24, 2002, pale Igandu, Dodoma, treni ya abiria katika reli hiyo ilirudi nyuma mteremkoni ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 wakafariki. Siku kama hiyo, kila familia huhitaji kwanza habari ya kweli.

Basi hii ni fardhi kifaya: wakitosheleza wachache, wengine tumesalimika, wasipopatikana, sote tuna lawama. Kila msikiti mkubwa wa Tabora, Nzega, Urambo na Sikonge utoe vijana wawili, wa kike na wa kiume, wajifunze. Wasirushe neno kabla ya kupata leseni ya TCRA. Wajitambulishe kwa kamati ya maafa na Msalaba Mwekundu, wafanye mazoezi kiangazi, si siku ya mafuriko. Wenzetu Wakristo tuwaalike. Maji hayaulizi dini. Hawatachukua kazi ya polisi wala zimamoto, bali watawafikishia habari.

Nasi wenye vipaza sauti, tutangaze kilichothibitishwa tu. Mimi nimejifunza hilo kwa machozi ya mama wa mtu.

Wabillahi tawfiq.