Aliyeona tofauti na wewe si lazima awe mwongo

Ndugu msomaji, kuna neno nililitamka zaidi ya miaka kumi iliyopita ambalo mpaka leo linanisuta.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza chuo kikuu. Asubuhi moja, katika pwani moja kaskazini ya Dar es Salaam, mvuvi mmoja mtu mzima alitueleza kuwa alfajiri ile alikiona kisiwa cha mbali kimeachana na maji, kinaning'inia hewani. Vijana wakanigeukia mimi msomi. Nikasema, "Mzee wangu, kisiwa hakipai. Usitudanganye." Watu wakacheka. Yeye akainamia nyavu zake, akajibu, "Mimi nimesema nilichokiona, mwanangu."

Kumbe mjinga nilikuwa mimi. Nuru haiendi mstari ulionyooka inapopita katika hewa yenye joto tofauti. Hupinda kuelekea kwenye hewa ya baridi, ambayo ni nzito zaidi. Alfajiri upepo wa baridi kutoka nchi kavu hutanda juu ya bahari yenye joto. Nuru ya mbingu inayoshuka karibu na maji hupinda juu na kuingia jichoni, hivyo chini ya kisiwa mtu huona taswira ya mbingu mahali pa bahari. Haya ndiyo mazigazi. Hewa ya joto ikiwa juu ya bahari ya baridi, mambo hugeuka: nuru hupinda chini kufuata mviringo wa dunia, na chombo kilichojificha nyuma ya upeo wa macho huonekana.

Sikuwa msomi wa kwanza kuponzwa na hesabu zangu. Mwaka 1597 mabaharia wa Kiholanzi walikuwa wamekwama katika barafu ya Novaya Zemlya, kaskazini kabisa ya Urusi, katika usiku wa miezi. Tarehe 24 Januari baadhi yao waliona ukingo wa jua. Rubani wao, Willem Barentsz, alikataa, kwani kwa hesabu zilibaki kama wiki mbili. Hesabu ilikuwa sahihi, jua lilikuwa bado chini ya upeo. Na walioliona walisema kweli, kwani tabaka za hewa ziliipinda nuru yake mpaka ikawafikia.

Hata sisi tunaofunga Ramadhani tumo ndani ya jambo hili. Jua linapogusa bahari jioni, kwa hakika limekwishazama lote; hewa hulinyanyua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi, ambayo ni kadiri ya upana wake. Lakini hatufuturu kwa jua la hesabu, tunafuturu kwa jua tunaloliona likizama.

Hebu sasa tujiulize: mtu akiona kitu ambacho hakiko hivyo, kisha akakisema, ana dhambi ya uongo? Hapana. Uongo ni kusema kinyume cha unachokijua. Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra aliyeandika juu ya macho na nuru miaka 1000 iliyopita, alitufundisha kutofautisha kati ya kile jicho linachokipokea na hukumu ambayo akili huipitisha juu yake. Kwa hiyo shahidi ana wajibu wa kusema alichokiona, wala asiape juu ya asichokifikia. Na msikilizaji naye ana wajibu: anaweza kuikataa hukumu ya shahidi bila kuivunja heshima yake.

Hapo ndipo nilipokosea. Ningeweza kumwambia mzee yule kuwa kisiwa hakikupaa. Sikuwa na haki ya kusema anadanganya. Nilipokwenda kumuomba radhi, sikumkuta tena.

Tunapogombana kila mwaka kuhusu kuandama kwa mwezi, wengi wetu huanza na neno "mwongo". Ndugu yangu, anza na maswali: Ulisimama wapi? Saa ngapi? Uliona nini hasa? Huenda ukabaki na msimamo wako, lakini hutakuwa umemdhulumu mtu.

Wallahu a'lam.