Radhi Aidaiwayo Mzazi

Wapenzi wa tenzi wanalijua jeraha la Fumo Liyongo: sindano ya shaba kitovuni, na aliyeishika ni mwanawe. Tangu hapo baba na mwana hutazamwa kwa jicho la hadhari.

Na achukuliwe baba mvuvi wa Nyegezi, kusini mwa mji wa Mwanza, ambako mashindano ya mitumbwi yamezoeleka ziwani. Amwita mwanawe aliyefarakana naye miaka, waje kupiga makasia chombo kimoja. Je, ni haki kumvuta mtoto kwa mchezo badala ya kumwomba radhi? Desturi humtaka mwana aombe, mzazi atoe. Ni nadra mzazi kuulizwa anadaiwa nini.

Bao huwakalisha watu uso kwa uso (na bao lina kejeli zake). Mtumbwini wote hutazama mbele. Aliye nyuma huona mgongo wa mwenziwe tu. Basi baba na akae nyuma, mkono wake ufuate mpigo wa kijana. Hapo hapana hila: mkubwa amemtii mdogo. Ila akiitamani zawadi, chombo kikishindwa atatafuta wa kulaumiwa, na wa kulaumiwa yu mbele yake, kageuza mgongo.

Radhi bado anadaiwa. Mtumbwi haumlipii, humpa muda tu wa kuitafutia maneno, toka ufukweni hadi kwenye boya, na kurudi.