Pikipiki, Mkate na Uhai wa Jirani



Kuna swali ambalo linagawanya nyumba nyingi hapa makazini: je, ni vema mzazi Mkristo amruhusu kijana wake aendeshe boda? Baba mmoja atasema hii ni kazi halali kama kulima. Mama atajibu kwamba ni kumpeleka mwana kaburini kwa miguu yake mwenyewe. Wote wawili wana sehemu ya ukweli. Basi tufikiri pamoja polepole, kwa maana swali hili halihusu pikipiki peke yake. Linauliza ni nani anayebeba hatari, na anaibeba kwa faida ya nani.

Kwanza tukiri kwamba chombo hiki kina uzuri wake. Hata jina pikipiki limetokana na mlio wa injini, na mlio huo ni wa silinda moja: pistoni moja inapanda na kushuka. Kwa sababu hiyo vyuma vyake ni vichache, mafuta inakunywa kidogo, na fundi aliye chini ya mwembe anaweza kuifungua kwa spana chache na kuifunga tena kabla ya jua kuzama. Wazee waliotoka Beni na Butembo wanakumbuka zile Yamaha na Honda za zamani, za wamisionari na za mabwana shamba. Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976 ilitengenezwa kwa makusudi iweze kuvumilia nchi ambako oili haibadilishwi kwa wakati, na baadaye viwanda vya China viliiga injini hiyo kwa wingi. Leo vijana wanaendesha Boxer na TVS za kutoka India, na miji mingine ya Uganda imeanza kuona pikipiki za umeme ambazo hazina silinda kabisa.

Jina boda nalo lina historia inayotugusa. Katika miaka ya 1960, huko Busia, vijana walibeba watu kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka cha Kenya hadi kile cha Uganda, wakiita abiria kwa maneno hayo, yaani mpaka hadi mpaka. Kazi hii basi ilizaliwa mpakani, kwa ajili ya watu wanaovuka. Sisi tuliovuka Mpondwe na mizigo kichwani tunaweza kuielewa kuliko wengine.

Tena, kwa kijana mkimbizi pikipiki ni zaidi ya mshahara. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, lakini ruhusa iliyo kwenye karatasi haina magurudumu. Anayengoja mgao kila mwezi hujiona mtu wa kuhesabiwa tu. Akishika usukani, watu wanamwita, wanamngoja, wanamlipa. Anajua njia. Na upepo unaompiga kifuani akishuka mteremko, ule nao ni furaha, na furaha hiyo si dhambi. Mzazi anayemkaripia kijana wake kana kwamba anapenda mauti hajamwelewa. Kijana anapenda kuwa mtu tena.

Sasa tutazame upande wa pili. Wengi wanaijua barabara inayotoka Mbarara, ikashuka Katunguru na kuvuka daraja la mfereji wa Kazinga, ambao unaunganisha ziwa George na ziwa Edward. Mbele kidogo, pale Kikorongo karibu na mstari wa ikweta, njia moja inakwenda Kasese na nyingine inashika Bwera na Mpondwe. Lami inapita ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth. Mchana ni njia nzuri, imenyooka, nayo inamwita kijana akimbize. Usiku viboko wanatoka majini kwenda kula majani, na nyati na tembo wanavuka barabara bila kumwomba mtu ruhusa. Rangi yao ni ya giza, nao hawabebi taa.

Hapa ugeni na uzee wa pikipiki kila kimoja kina mtego wake. Katika nyingi za zile za zamani, taa inapata umeme moja kwa moja kwenye injini: injini ikipunguza, taa inafifia. Dereva anajaribiwa kuongeza mwendo ili aone, na kadiri anavyoongeza ndivyo anavyokosa nafasi ya kusimama. Ile mpya inawaka kwa kubonyeza kitufe, inakwenda kimya zaidi, na mwendo wa 80 unaonekana kama 50. Lakini hesabu haibadiliki. Kwa kilomita 80 kwa saa, chombo kinapita mita 22 kwa sekunde moja, kabla mkono haujakamata breki. Na mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unazidi mara nne. Kiboko hasomi mwaka wa kutengenezwa.

Basi tufanye nini? Naona inafaa tutenganishe hatari za aina tatu. Kuna hatari ya lazima: mama ameshikwa na uchungu saa nane za usiku, gari hakuna, kijana anawasha pikipiki yake. Huyo ni ndugu, na Mungu amlipe. Kuna hatari ya mkate: kazi ya kila siku, ambayo kama kazi zote ina jasho na ajali zake, nayo inaweza kupunguzwa kwa busara. Na kuna hatari ya haraka na sifa: abiria watatu juu ya kiti kimoja, mashindano barabarani, kupita lori kwenye kona. Hatari hii ya tatu haimlishi mtu. Makosa yetu huanza pale tunapoipa ya tatu jina la ile ya kwanza, tukisema ni lazima wakati ni haraka tu.

Nani anayesababisha haraka hiyo? Tunapenda kumlaumu kijana. Lakini kumbukeni habari za Daudi katika 2 Samweli sura ya 23. Alikuwa pangoni, akatamani maji ya kisima cha Bethlehemu, mahali ambapo Wafilisti walikuwa wameweka kikosi chao. Hakumtuma mtu; alitamani tu kwa sauti. Mashujaa watatu wakapenya kambi ya adui, wakamletea. Naye akakataa kuyanywa, akayamimina mbele za Bwana, kwa sababu aliona ndani ya kile kikombe uhai wa watu walioyafuata. Mtu anaweza kusema amepoteza maji bure, maana hatari ilikuwa imekwisha kupita. Lakini fikirini: kama angekunywa na kusifu, kesho wangekwenda tena. Alifunga mlango ambao tamaa yake ilikuwa imeufungua.

Sisi nasi tunatamani kwa sauti. Tunapanda na kusema, kimbiza kidogo, nimechelewa sokoni. Tunakataa kumlipa anayekwenda pole na kumsifu aliyetufikisha upesi. Tunapanda watatu ili nauli igawanyike. Naye mwenye pikipiki anayeikodisha anadai hesabu ya siku ileile, iwe kuna mvua au hakuna abiria. Kijana akipungukiwa jioni, atatafuta fedha hiyo usiku katika njia ya mbuga. Mwenye chombo amelala, hatari haikulala. Hapo tunakunywa yale maji bila hata kuangalia kikombe.

Wengine watasema: ajali haina kinga, na siku ya mtu ikifika imefika. Siku zetu ziko mikononi mwa Mungu, hilo tunaamini. Lakini mjaribu alipomwambia Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu kwa kuwa malaika watamdaka, Yesu alikataa. Kumtegemea Baba ni jambo moja, kumjaribu ni jambo lingine. Tena ule usemi si kweli mpaka mwisho. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba helmeti inampunguzia mwendesha pikipiki aliyepata ajali hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ajali haikuzuiwa, lakini kinga ilikuwepo. Na Torati, katika Kumbukumbu la Torati 22:8, inamwagiza ajengaye nyumba aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Haikukataza watu kupanda darini. Ilimpa mwenye nyumba kazi ya kufanya kabla mtu hajaanguka.

Mtu atauliza: maskini atapata wapi fedha ya helmeti mbili? Ni swali la haki. Ndiyo sababu haifai kumwachia dereva peke yake. Anayenunua pikipiki ya kukodisha anunue na helmeti ya dereva na ya abiria, kama ajengaye dari anavyojenga na ukuta wake. Familia inayouza mbuzi ili mwana apate chombo ihesabu pia leseni na mafunzo ndani ya bei. Mwenye kukodisha apunguze hesabu siku ya mvua kubwa. Abiria akubali kungoja safari ya pili. Na mzazi, badala ya kumkataza mwana kwa kilio, amwambie wazi kwamba saa fulani ikifika arudi nyumbani, hata akirudi na fedha pungufu, na siku hiyo asimkunjie uso.

Hilo la mwisho ndilo gumu, kwa maana mifuko yetu haina kitu na chungu kiko motoni. Lakini kijana anayejua kwamba nyumbani atapokelewa na mfuko mtupu hana sababu ya kufukuza shilingi ya mwisho gizani kule Katunguru. Na anayejua kwamba hatapokelewa, hata tukimfunga helmeti kumi, ataondoka tena.

Bwana awalinde waendao na wangojao.