Mizania: Je, Asiyeandika Deni Huwa Amedhulumu?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeweka mizani akakataza watu kuipunja. Ama baada ya hayo:

Hapa Kalangalala, katika mji wa Geita, na katika nchi yote ya dhahabu mpaka Kahama na Shinyanga, liko suala ambalo watu huliuliza kwa sauti ndogo. Mtu amepokea mali ya mwenziwe kwa mkopo. Hakuandika, wala hakukusudia kuiba. Kisha mali ile ikayeyuka ndani ya biashara yake pasi na yeye kujua imepotelea wapi. Je, mtu huyu amedhulumu, au ni mwenye bahati mbaya tu?

Wako wasemao kwamba amali hupimwa kwa nia. Naye maadamu hakunuia ubaya, hana lawama. Sisi twasema kwamba maneno hayo ni kweli katika mahali pake, walakini hapa yametiwa pasipo pake. Mtu apokeapo amana hupokea pamoja nayo kazi ya kuilinda. Mchungaji aliyepewa ng'ombe za watu akalala usingizi, haimfai kitu kusema kwamba hakunuia fisi ale. Ni kweli hakunuia, lakini kukesha ndiko alikokubali siku alipozipokea. Basi na kalamu katika biashara ndiyo macho ya mchungaji.

MAANA YA MIZANIA

Watu wa hesabu wana karatasi waiitayo mizania, na jina lake latokana na mizani. Upande mmoja huandikwa kila kitu kilicho mkononi mwa mfanyabiashara: fedha, bidhaa, vyombo, na anayowadai watu. Upande wa pili huandikwa mali hiyo ni ya nani: kwanza madeni ya watu, kisha kinachobaki, nacho ndicho rasilmali yake mwenyewe, ambayo watu wa leo huiita mtaji. Pande mbili hizi lazima zilingane daima. Zisipolingana, kuna jambo lililosahauliwa au lililofichwa.

Ilimu hii si ngeni kwetu. Maneno yenyewe, daftari, hesabu, rasilmali, yalifika pwani zetu pamoja na wafanyabiashara wa Kiarabu. Na huko Venezia katika nchi ya Italia, mwaka 1494, mtawa mmoja jina lake Luca Pacioli alipiga chapa kitabu kilichoeleza desturi ya wafanyabiashara wa mji ule ya kuandika kila jambo mara mbili: kilichoingia, na kilikotoka. Desturi hiyo ndiyo inayofuatwa duniani hata leo.

MFANO WAKE

Tuchukulie mtu anunuaye dhahabu hapa Kalangalala. Ameanza na shilingi milioni 10 zilizo zake. Mali yake ni milioni 10, hana deni, na rasilmali yake ni milioni 10.

Akakopa kwa rafiki yake milioni 5. Mkononi sasa ana milioni 15. Je, ametajirika? Hakutajirika hata senti moja, kwani deni nalo limekuwa milioni 5, na rasilmali yake imebaki milioni 10 vilevile.

Akanunua karasha la kusagia mawe kwa milioni 6. Fedha zimekuwa milioni 9, na karasha ni milioni 6. Jumla haikubadilika, mali imebadili sura tu.

Akaja mchimbaji na dhahabu ya milioni 4, naye akaichukua kwa ahadi ya kulipa baadaye. Mali imekuwa milioni 19, na madeni yamekuwa milioni 9. Rasilmali ingali milioni 10.

Akaiuza dhahabu ile kwa milioni 4 na nusu. Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa kuwa aliyezipokea fedha hizo hufurahi kana kwamba zote ni zake. Faida yake ni nusu milioni tu. Rasilmali imekuwa milioni 10 na nusu.

Kisha akatoa milioni 1 kwa arusi ya nyumbani kwake. Fedha zilizobaki ni milioni 12 na nusu.

Ewe msomaji, tazama vyema. Mtu huyu alianza na milioni 10 mfukoni, na leo mfukoni mna milioni 12 na nusu, tena ana karasha uani. Asiye na daftari atasema, "Alhamdulillahi, nimefanikiwa." Lakini mizania yamwambia jambo jingine: mali yote ni milioni 18 na nusu; madeni ni milioni 9; kilicho chake ni milioni 9 na nusu. Amepungukiwa kuliko siku aliyoanza. Na tena karasha huchakaa. Likipungua thamani kwa milioni 1, rasilmali yake imeshuka mpaka milioni 8 na nusu, ilhali mfuko haukupungua hata kidogo.

Mtu huyu hakusema uongo wowote. Kila alichohesabu mfukoni kilikuwamo. Lakini alihesabu upande mmoja tu. Na nusu ya hesabu, hata ikiwa kweli tupu, humdanganya mwenyewe kwanza, kisha huwadhulumu wengine. Atatoa sadaka kwa mali ya rafiki yake. Ataoza kwa dhahabu ya mchimbaji. Na akifa usiku, warithi watagawana milioni 12 na nusu, hali milioni 9 ndani yake si za marehemu. Nasi twajua kwamba katika Suratun Nisaa mirathi haigawanywi ila baada ya wasia na deni. Watalipaje deni wasilolijua? Rafiki atakuja na maneno, mchimbaji atakuja na machozi, na wote wawili wataambiwa, "Karatasi iko wapi?"

Hapo ndipo jawabu ya suala letu inapodhihiri. Aliyedhulumiwa amedhulumiwa kweli, ingawa hapakuwa na mwizi.

AGIZO LA KUANDIKA

Si jambo la bure kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, imekuja kwa habari ya kuandika deni. Ndani yake tumeagizwa mwandishi aandike kwa uadilifu, mashahidi wawepo, tusichoke kuandika, deni likiwa dogo au kubwa, wala mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Biashara ya mkono kwa mkono imesamehewa kuandikwa, kwani haiachi deni nyuma yake.

Na katika agizo hilo mna jambo moja linalostahili kufikiriwa sana: mwenye kusoma maneno ili yaandikwe ni yule mwenye kudaiwa, naye ameonywa asipunguze kitu. Mtu akiri juu ya nafsi yake kwa ulimi wake. Sasa linganisheni na desturi iliyozoeleka machimboni. Mchukuaji dhahabu huandika, akipenda, katika daftari lake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, na mchimbaji huondoka na ahadi tupu. Daftari la namna hiyo lamhudumia aliye na nguvu, nalo halikuandikwa baina ya watu wawili.

HOJA NA MAJIBU

Atasema msemaji: "Sisi ni ndugu, twaaminiana, kuandika ni kutiliana shaka." Twamjibu: Kuandika ndiko kunakoondoa shaka. Ndugu wawili huagana wakiwa na kumbukumbu moja, na baada ya mwaka kila mmoja ana yake, na wote wawili huapa kwa ukweli wa nyoyo zao. Karatasi ndogo ingaliwaepusha na kiapo hicho, na undugu ungalibaki.

Atasema mwingine: "Katika duara letu twagawana mawe kwa mifuko, mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara lake, wachimbaji lao, hakuna haja ya daftari." Twamjibu: Kabla ya mifuko kugawanywa huondolewa gharama: unga, maharage, mafuta ya mashine, magogo ya kuegemeza shimo. Nani aliziandika gharama hizo, na nani alizisoma? Aghalabu ugomvi hauzuki katika kugawa mawe, bali katika gharama zilizotajwa baada ya mawe kuonekana mazuri. Tangu mwaka 2019 Geita ina soko la madini, ambapo dhahabu hupimwa na mauzo huandikwa mbele ya maofisa, na hilo ni jambo la kheri. Lakini hati ya sokoni huandika dhahabu iliyouzwa; haiandiki unga uliokopwa.

Atasema wa tatu: "Wenye makarani na mashine za hesabu nao hugombana, basi daftari lina faida gani?" Ni kweli. Mwezi wa Machi 2017 Serikali ilizuia kupelekwa ng'ambo mchanga wa dhahabu, makinikia, na makontena 277 yakashikwa bandarini Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilisema dhahabu iliyomo ni nyingi kuliko ile iliyotajwa. Kampuni ya Acacia, yenye migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, ikakanusha, ikasema imetaja yote. Mwaka huohuo kampuni ilitakiwa kodi, pamoja na adhabu na riba, ya dola za Marekani zipatazo bilioni 190. Mwishowe mambo yalimalizwa kwa sulhu: Barrick ikakubali kutoa dola milioni 300, na mwezi wa Januari 2020 mapatano yakatiwa saini, Serikali ikapata hisa asilimia 16 katika migodi.

Hatumhukumu yeyote. Lakini itazameni ile tofauti ya bilioni 190 na milioni 300, mjue jinsi pande mbili zinavyoweza kuwa mbali zikiwa hazikupima kwa mizani moja. Ibra yake haisemi kwamba daftari halina faida. Yasema kwamba daftari lililoandikwa na upande mmoja na kusomwa na upande mmoja halikati ugomvi, hata likiandikwa na mabingwa.

DENI LISILO NA MDAI

Limebaki jambo moja. Kanuni za hesabu za leo zalazimisha kampuni ya madini kuandika, katika upande wa madeni, gharama ya kuitengeneza ardhi siku mgodi utakapofungwa, kama ulivyofika mwisho mgodi wa Buzwagi mwaka 2021. Fikirini ajabu yake: deni hilo halina mdai atakayekuja na karatasi. Ardhi haisemi, na watoto watakaoikalia bado hawajazaliwa. Hata hivyo huandikwa.

Basi na mwenye duara ajiulize: shimo aliloliacha wazi njiani pa ng'ombe, na zebaki iliyomwagwa karibu na maji, ameviandika wapi? Kutodaiwa si dalili ya kutowiwa.

NASAHA

Ndugu zetu, hatusemi kila mtu awe karani. Twasema mambo matatu. Kila mkopo uandikwe karatasi mbili, kila mtu na yake, na mdaiwa ndiye aseme. Kila mwezi mtu aandike mali yake upande mmoja na madeni yake upande wa pili, aone chake ni kipi. Na mtu mmoja wa nyumbani kwake ajue daftari liko wapi. Asiyejua kuandika amtafute mwadilifu amwandikie. Kutojua kusoma ni udhuru wa mkono, si udhuru wa dhima.

Aliyefanya hayo kisha akapata khasara, huyo kweli ni mwenye bahati mbaya, na yafaa asaidiwe na apewe muda. Ama aliyeacha kuandika kwa uvivu, au kwa kuogopa kuyaona madeni yake, amechagua kutojua, na aliyechagua kutojua ataulizwa kwa alichokichagua.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wale watimizao vipimo. Wabillahi taufiki.