Bao Ambalo Halikufungwa

Ndikumana Hamad, ambaye mashabiki wa Kigali walimwita Katauti, alikuwa beki. Alichezea Rayon Sports, akaenda Ubelgiji na Cyprus, na alikuwemo katika kikosi cha Amavubi, timu ya taifa ya Rwanda, kilichokwenda Tunisia mwaka 2004, mara pekee Rwanda kufika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Huko Rwanda iliifunga Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 1-0. Mfungaji husifiwa, wanaolinda ushindi hadi kipenga cha mwisho husahauliwa upesi.

Je, baya lililozuiwa lina uzito gani?

Wanazuoni wa Kiislamu walikwishajibu: kuondoa madhara hutangulia kuleta manufaa. Kanuni hiyo ni ya sheria, lakini inamfaa beki kabisa. Tena mjini Kigali ina uchungu wake. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, wapo Waislamu waliowaficha majirani zao Watutsi, na wema wao hupimwa kwa vifo ambavyo havikutokea. Uwanja wa mpira haulingani na hayo hata kidogo, ila swali ni lilelile, na sisi tunaohesabu mabao na vikombe tu tunapima kwa mizani pungufu.

Katauti alifariki Novemba 2017, akiwa kocha msaidizi wa Rayon Sports. Alikuwa na miaka 39.